Kuni Zilikuwa Karibu

Mwalimu wetu wa uuguzi alikuwa na kigoda cha mbao alichokibeba wodini kote, na mimi nilikichukia kigoda kile kwa moyo wangu wote. "Kaa," aliniambia kila nilipomkaribia mgonjwa. "Nani atakueleza maumivu yake wakati umesimama kama unasubiri lori?" Basi nilikaa. Mguu wangu ulianza kucheza wenyewe huko chini, naye aliuona, akaugonga kwa ncha ya kiatu chake bila kukatiza alilokuwa akisema.

Ilikuwa Juba ya miaka ya sabini, baada ya vita kwisha na amani kuja, wakati kila wiki malori yalishusha watu waliokuwa wanarudi kutoka Uganda. Mimi mwenyewe nilikulia kambini huko. Nilirudi nikiwa msichana mkubwa, nikakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Malakia, nikasomea uuguzi kwenye hospitali ndogo ambayo siku hizi haipo. Nyumbani sikutulia, darasani sikutulia. Shangazi alisema nina siafu kwenye sketi. Alisema hivyo hata mbele ya wageni, na wageni walicheka.

Mwaka ule tulifundishwa mambo mawili: kumuuliza mgonjwa na kumpima kwa mikono. Kuuliza kulikuwa na mpangilio wake. Jina, makazi, kazi, unaumwa nini, ilianza lini, ulikuwa unaishi wapi kabla ya hapo. Ndipo macho yaangalie, ndipo mikono iguse, ndipo sikio liende kifuani. Mwalimu alishikilia kwamba mgonjwa akiulizwa vizuri atakuwa ameshakutajia ugonjwa kabla hujamgusa. Mimi niliona maswali yale ni kupoteza muda. Mikono ndiyo niliyoipenda. Ini lililovimba halikusimulii hadithi ndefu, na bandama ikiwa kubwa unaikuta tu pale chini ya mbavu.

Asubuhi moja nilipewa mwanamume aliyeletwa jana yake kutoka Gurei, nje kidogo ya mji, akiwa amefungwa kamba. Majirani ndio waliomleta. Mchana alilala hata chakula kikiwa mdomoni, jua likizama aliamka akagombana na kila mtu, na mara ya mwisho alimpiga jirani kwa mchi wa kinu. Daktari alijaribu kumpima, akapigwa ngumi ya bega. Damu yake haikuonyesha malaria. Wakati ule mtu aliyechanganyikiwa na kupiga watu alipelekwa gerezani, maana hapakuwa na mahali pengine pa kumweka, na polisi walishaambiwa waje kumchukua baada ya chakula cha mchana.

Niliwahi kuwaona wawili watatu waliopelekwa huko. Waliokonda kama huyu hawakurudi.

Sasa alikuwa amelala, kamba ikiwa bado imefungwa mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda. Mke wake alikaa sakafuni na mtoto mapajani, akimfukuzia mumewe nzi usoni kwa kipande cha boksi. Alikuwa mwanamke wa umri wangu, labda amenizidi kidogo. Niliposogea alinishika mkono.

"Sista, mume yangu hapana iko wazimu," alisema. "Wallahi. Yeye nalala tu. Usingizi napiga yeye."

"Mama, ndiyo maana nimekuja. Nieleze."

Mwalimu aliweka kigoda nyuma yangu. Nilikaa. Niliuliza jina, akanipa. Kazi, alisema mumewe alilima na kuvua. Makazi, Gurei, kiwanja walichopewa waliporudi. Ugonjwa ulianza lini? Kwanza kichwa, alisema, na homa inakuja na kwenda, kisha kujikuna, kisha usingizi huu. Muda mrefu sasa. Tangu kabla ya kuja Juba.

"Kabla ya Juba mlikuwa wapi?"

"Uganda. Kambi." Akaitaja kambi.

Ilikuwa kambi yetu! Nilifurahi hadi nikasahau polisi. Nilimwambia na mimi nimekulia palepale, nikamwuliza walikuwa upande upi, wa kanisa au wa zahanati. Alitazama mtoto. "Upande ya kanisa," alisema. Nikamwuliza anamkumbuka yule katekista kiziwi aliyekuwa akiimba peke yake baada ya wimbo kwisha. Alitabasamu, lakini nilijua tabasamu lile, ni la mtu anayecheka kwa sababu wewe umecheka.

Nyuma yangu mwalimu alikohoa kidogo. Nilirudi kwenye maswali na mguu ulianza tena. Kambi yetu ilikuwa nyikani, penye upepo na vumbi na wagonjwa wa kuhara na surua. Hakuna ugonjwa niliowahi kuuona kule unaomlaza mtu na tonge mdomoni. Uani magari yalipita na kila gari lilinifanya nigeuke. Nilitaka kusimama, nilitaka kumgusa yule mtu hata kama atanitupia ngumi, nilitaka kufanya kitu.

"Muulize maisha," mwalimu aliniambia taratibu. "Umemuuliza ugonjwa tu."

Maisha gani tena, jamani, na saa zinakwenda? Niliuliza kwa hasira, la kwanza lililonijia. "Kuni mlikuwa mnapata wapi?"

"Kuni?" Uso wake ulilegea kwa mara ya kwanza, maana hilo swali halikuwa na hatari. "Kuni iko karibu tu. Kando ya mto. Hapana shida ya kuni, sista. Mimi natoka mlango, naokota, narudi, maji hata hapana chemka."

Mguu wangu ukaacha kucheza.

Mwanamke yeyote aliyeishi katika kambi ile, hata akiwa mwongo wa kupindukia, hawezi kusema kuni zilikuwa karibu. Kuni ndizo zilizotutia uchungu. Tulitoka alfajiri na kurudi jua limepinda, shingo zimeingia mabegani, na mara nyingine wenye nchi walitufukuza kwa mapanga tukarudi na kanga tupu. Mama yangu aligombana na marafiki zake wote kwa ajili ya kuni. Na mto haukuwepo. Tulikuwa na kisima, na foleni yake nayo ilikuwa vita.

"Dada," nilimwambia, na sikujua sauti yangu ilikuwa imepanda, "wewe hukukaa kambini kwetu."

Alikusanya mtoto wake haraka kama anayetaka kuondoka. Ndipo nilipotambua kitu ambacho darasani hakikuandikwa ubaoni. Hawa walikuwa watu waliopitia vita, na kwa miaka yote ile aliyewauliza umetoka wapi, ulilala wapi, ulikuwa na nani, hakuwa na nia ya kuwapa dawa. Mpangilio wetu mzuri wa maswali ulifanana kabisa na wa askari waliowahoji.

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda jirani, akainama hadi uso wake ukawa karibu na wa yule mama. Na yeye alikuwa mkimbizi zamani. "Binti," alisema, "hapa hakuna serikali. Mimi nataka kujua mto tu. Mto gani?"

Yule mama alimtazama mumewe. Kisha alisema. Hawakuvuka mpaka kwenda Uganda hata siku moja. Miaka yote ya vita walikaa msituni, karibu na Kongo, wamejenga vibanda chini ya miti kando ya mto ili ndege zisiwaone. Amani ilipokuja walisikia kwamba wanaotoka Uganda wanapewa blanketi, jembe, mbegu na kiwanja, na wanaotoka msituni wanaulizwa walikuwa wanawapikia wapiganaji gani. Basi walitembea hadi barabarani, wakajichanganya na watu walioshuka kwenye malori, wakataja kambi waliyosikia watu wa mbele wakiitaja.

"Nyinyi naandika," alisema, akilia sasa, "wao nachukua kiwanja. Khalas. Sisi naenda wapi?"

"Mto utaandikwa," mwalimu alijibu. "Foleni ya mablanketi si ugonjwa, hiyo haiandikwi."

"Na inzi?" niliuliza. "Kulikuwa na inzi kule wanaouma? Wakubwa, wanaokunja mabawa hivi, moja juu ya jingine?"

"Mingi. Mchana yote."

Mbung'o. Nilimtazama mwalimu, naye alinionyesha mgonjwa kwa kidevu. Sasa ndipo niliposimama, na hakuna aliyeniambia nikae. Kwanza nilitazama, kama nilivyofundishwa: midomo iliyokauka, ngozi yenye makovu ya kucha, vidole vikitetemeka hata usingizini. Kisha nilipitisha mkono chini ya shingo yake, upande wa nyuma, taratibu. Nilitarajia ngumi. Alifumbua macho, akanitazama kama mtu aliye mbali sana, akayafumba tena. Chini ya vidole vyangu zilikuwepo tezi zilizovimba, laini, zinazoteleza, mfano wa mbaazi zilizoiva kwenye ganda. Upande wa kulia zilikuwepo, na wa kushoto pia.

Nilikimbia. Katika hospitali ile ilikatazwa kukimbia, lakini nilikimbia hadi kwa daktari, nikamweleza mto, mbung'o na shingo kwa pumzi moja. Alikuja na sindano, akachoma tezi moja, akalipeleka tone lile kwenye hadubini. Aliangalia, nami nikahama kutoka mguu mmoja hadi mwingine mpaka akanisogezea hadubini niangalie mwenyewe. Vidudu vilikuwa vikijinyonganyonga kati ya chembe za damu. Ugonjwa wa malale. Polisi walipofika daktari aliwapokea mlangoni, akawaambia huyu ni mgonjwa wangu, nao wakaondoka bila ubishi. Nadhani nao hawakuipenda kazi ile.

Kamba niliifungua mimi. Nilimweleza yule mama kwamba mumewe hana wazimu, kwamba kuna dawa, ni kali na ina hatari, atachomwa kwenye mshipa na atakaa hapa muda mrefu. Alinibusu mikono. Alisema sukran, sukran, hadi nikaona aibu. Mwalimu hakunisifu. Nilimtazama nikingoja, na nilistahili, nilijua nilistahili! Yeye alisema tu, "Bado hujamaliza kuuliza."

Sikuelewa. Halafu nikaelewa, na furaha yote ikanitoka.

"Dada, kule mtoni mlikaa nani na nani?"

"Sisi yote," alijibu, bado anatabasamu.

Nilimpima mtoto kwanza, mapajani mwake palepale. Shingo ilikuwa safi. Nikarudia, ilikuwa safi. Alizaliwa Juba, mama yake alisema. Kisha yule mama mwenyewe akafungua kitambaa cha kichwa, akanigeuzia mgongo, akainamisha kichwa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimgusa nyuma ya shingo, na vidole vyangu vilifika mahali vikasimama. Zilikuwa ndogo kuliko za mumewe. Nilizipapasa tena na tena, nikitaka ziwe kitu kingine.

"Iko?" aliuliza, bila kugeuka.

Nilimtazama mwalimu. Aliniachia nijibu mimi.

"Iko," nilisema. "Lakini wewe bado mapema. Dawa yako ni nyepesi, ila nawe utalazwa."

Alifunga kitambaa upya, akaweka fundo vizuri, akageuka. Hospitalini kwetu hakukuwa na jiko la wagonjwa. Kila mtu alilishwa na ndugu zake waliopika uani, na ndugu wa hawa wawili walikuwa wamezikwa msituni.

"Mimi nalala kitanda," alisema, "nani napikia yeye?"

Nilikaa chini sakafuni karibu naye, nikamwuliza sufuria yake iko wapi.