Fuko Asiyekula Viazi

Kilima cha kwanza nilikiona asubuhi moja ya Desemba, nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nilikuwa nimevaa koti ndani ya nyumba, kama kila mtu wa Guangzhou avaavyo wakati wa baridi, maana nyumba za huku zilijengwa kwa kufikiria joto tu. Kilikuwa katikati ya ukoka, udongo mbichi mweusi, ukubwa wa sahani ya wali. Ukoka wenyewe ni mdogo. Nauvuka kwa hatua tisa. Sikufikiria mnyama. Nilifikiria mtu.

Nijieleze kidogo. Mke wangu hununua nguo kwenye majengo ya jumla ya Guangyuan Xilu na kuzisafirisha Dar es Salaam. Mimi huandikia magazeti ya nyumbani, na mara mbili kwa mwaka, maonyesho ya biashara yakifunguliwa Pazhou, huwa mkalimani wa wafanyabiashara wanaoamini kwamba najua Kichina. Chuo kikuu nilisoma Kiswahili. Kichina nilikiokota sokoni, kwa hiyo naweza kukataa bei kwa namna nyingi lakini siwezi kumweleza daktari ninapoumwa. Kazi ya kweli nyumbani anaifanya mke wangu. Kazi ya kuchungulia dirishani naifanya mimi, na naifanya vizuri.

Nyumba yetu ni ya chini kabisa katika jengo la zamani huko Haizhu, na ndiyo pekee yenye kipande cha bustani. Tulihama mara nne kabla ya kuipata. Wenye nyumba wengi wakisikia kwamba mpangaji anatoka Afrika hujibu meiyou, hakuna, hata kama tangazo la kupangisha limebandikwa juu ya kichwa chao. Mama huyu hakusema meiyou. Alitupa funguo na sharti moja: ukoka uliopandwa na marehemu mumewe ubaki kama ulivyo. Tunamwita Ayi, kama wanavyoitwa wanawake wa rika lake huku, maana yake mama mdogo. Yeye huniita laoshi, mwalimu, kwa sababu siku ya kwanza nilijitambulisha hivyo. Niliona mwandishi angemtia wasiwasi.

Mshukiwa wangu wa kwanza alikaa ghorofa ya pili. Ni mzee anayepanda vitunguu vya majani kwenye ndoo za rangi, na jengo zima linamwita Yeye, ambalo kwa Kichina ni babu. Jina hilo halisaidii upelelezi.

"Nani kachimba pale?" mke wangu aliuliza akiwa anafunga viatu.

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Yeye wa juu. Ana ndoo tele. Umewahi kujiuliza udongo anautoa wapi?"

Mke wangu alikitazama kilima, kisha akanitazama mimi. "Mwizi wa udongo huondoka na udongo, bwana. Huyu kauleta." Akaenda zake kazini.

Hoja ilikuwa nzuri, nikaichukia siku nzima.

Kufikia Jumamosi vilima vilikuwa vinne, na katikati yake palikuwa na tuta jembamba lililopinda kama mshipa wa mkononi. Jumamosi ndiyo siku ya Ayi kuja kuangalia ukoka. Alichuchumaa, akapiga picha, akasimama, akaongea na simu yake. Simu ikatafsiri kwa Kiingereza cha sauti tamu ya kike: mwalimu amefukia nini hapa?

"Meiyou," nilisema. Ndilo neno nililolijua zaidi.

Ayi alinitazama kama mimi ninavyowatazama wanaoniambia meiyou. Kisha akaongea tena na simu, taratibu, na safari hii hakuna utata. Mkataba unakwisha kabla ya Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani Mwaka Mpya wa Kichina. Ukoka usiposawazika hadi hapo, hatatia saini tena.

Jioni nilimweleza mke wangu. Hakugomba, jambo ambalo ni baya zaidi. Alikuwa anakunja khanga, akaendelea kuikunja.

"Mimi sihami tena," alisema. "Mara ya tano siiwezi. Nikifunga masanduku safari hii, ni ya kwenda Dar. Wewe utabaki hapa uandike makala kuhusu upweke."

Basi ikawa hivyo: nyumba, na ndani ya nyumba ndoa ya watu wanaokula meza moja, vyote vilitegemea nyasi za hatua tisa.

Mtu wa busara angeanza kuchunguza udongo. Mimi nilianza kumchunguza Ayi. Nilikumbuka ana kijana anayekaribia kuoa. Kijana anayeoa anahitaji nyumba. Nyumba yenye bustani inapendeza zaidi. Na nani ana ufunguo wa geti la bustani? Niliyapanga haya kichwani kwa mtiririko safi kama niliofundishwa chuoni wa kujenga hoja, na kama hoja nyingi nilizojenga chuoni, ilisimama vizuri hadi ilipoguswa. Niliigusa mwenyewe kwa bahati mbaya: nilikanyaga lile tuta, mguu ukazama. Chini palikuwa na uwazi, njia ya mviringo, upana wa vidole viwili vitatu. Hata msomi akaelewa kwamba bibi wa miaka sitini hapiti humo.

Fuko, nikajiambia. Nilifurahi kulipata neno. Nikaliandika mara moja kwenye kundi la simu la Watanzania wa huku: Wadau, mafuko yamejaa bustanini kwangu, naomba msaada wa haraka.

Majibu yalikuja kama mvua. Mmoja aliuliza yana kilo ngapi. Mwingine aliuliza yanakwenda kwa meli au kwa ndege. Wa tatu alinilaumu kwa kuweka mizigo nje bila turubai, na kuna aliyetaka kujua kama ndani ya mafuko hayo kuna jinzi. Nilikuwa nimesahau upatanisho wa ngeli. Mafuko ya kubebea mizigo ni yamejaa, mafuko wanyama ni wamejaa, na katika mji ambao kila Mtanzania anaota mafuko ya mizigo, herufi moja ilitosha kunifanya mfanyabiashara. Mimi, mwenye shahada ya Kiswahili. Nilirekebisha. Kundi likacheka siku mbili.

Mmoja tu alipiga simu. Ni mfunga mizigo, mtu wa Njombe, ambaye hukaza marobota ya nguo kwa kamba mpaka yanakuwa magumu kama mawe.

"Msomi, umesema fuko mnyama?"

"Mnyama, kaka."

"Huyo niachie. Mihogo ya babu yangu imeliwa na nani? Viazi vya mama yangu vimeliwa na nani? Namfahamu huyo kuliko mashemeji zangu."

Alikuja na fimbo ya mwanzi, uzi wa kushonea marobota, na kiazi kitamu kilichochomwa, alichokinunua kwa mama anayechoma viazi kwenye pipa kando ya barabara. Nusu alikula, nusu akaiweka ndani ya njia ya fuko. Alipinda fimbo, akafunga kitanzi, akakitegesha kwa kijiti kidogo. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Fuko akisogea kukila kiazi, kijiti kingefyatuka, kitanzi kingemkaba.

"Kesho asubuhi unaye," alisema akijifuta mikono. "Usimwonee huruma. Ana meno huyo."

Kesho asubuhi sikuwa naye. Kiazi kilikuwa pale pale. Pembeni yake njia mpya ilikuwa imepita, imekizunguka kwa adabu, kama mtu anavyowakwepa wapiga debe wa maduka. Tulibadilisha kiazi kwa muhogo, ambao kuupata Guangzhou ni safari ya nusu siku. Akauzunguka. Tukaweka karoti. Vilima vikawa saba.

Hapo mashaka yakarudi yote, pamoja na marafiki zao. Mnyama gani anaacha muhogo? Kwetu tangu nikiwa mtoto fuko ni jina lingine la mwizi wa mizizi. Kwa hiyo ama kuna mtu anayeutegua mtego, ama hakuna fuko kabisa, na zile njia zinachimbwa kwa bomba au kijiti na mtu anayetaka nihame. Nilimweleza mke wangu.

"Mtu anachuchumaa kwenye baridi anachimba njia ya panya kwa kijiti," alirudia polepole. "Ili sisi tuhame."

"Watu wamefanya makubwa zaidi kwa ajili ya nyumba."

"Vaa kofia," alisema. "Baridi imeanza kukupanda kichwani."

Sikuacha. Nilihamisha meza yangu ya kuandikia hadi dirishani, nikawa naandika kwa jicho moja. Jumatano, saa nne asubuhi, geti likafunguka polepole. Alikuwa Ayi. Haikuwa siku yake. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukoka, akachuchumaa mgongo ukiwa kwangu, akaanza kuchokonoa ardhi kwa ncha ya mwavuli.

Naona aibu kusema nilivyofurahi. Nilitoka na ndara bila soksi, simu mkononi ikirekodi, nikasimama nyuma yake nikasema kwa Kichina sentensi pekee iliyokuja, ambayo kwa kawaida humwambia muuzaji kwamba nimemkamata akinipunja.

Ayi hakushtuka. Aligeuka na kuninyooshea kipande cha kiazi kitamu, chenye udongo na uzi, kama polisi anayeonyesha kidhibiti. Simu yake ikasema: jirani ameniambia. Kwa nini mwalimu anapanda viazi kwenye nyasi za mume wangu?

Ikawa hivyo kwamba wakati mimi namchunguza yeye, yeye alikuwa ananichunguza mimi. Jirani aliyemwambia alikuwa amesimama juu, kwenye baraza lake, akitazama chini kupitia vitunguu. Nilijaribu kueleza. Kichina changu hakina fuko wala mtego. Kina bei na rangi. Basi nilichora kwa mikono mnyama anayechimba, nikaonyesha meno, nikatafuna kiazi hewani. Mwanamume wa makamo, mwenye shahada, anatafuna hewa mbele ya mwenye nyumba wake. Ayi alitazama kiazi, kisha mdomo wangu. Juu ya baraza Yeye alianza kucheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi, kisha akashuka na sepeto ndogo ya ndoo zake.

Alikata kipande cha ukoka kwa uangalifu, kama anakata keki, akakigeuza. Chini yake udongo ulikuwa unacheza. Minyoo, mirefu, minene, ya rangi ya waridi, imepanda karibu na juu kwa sababu ya mvua za baridi na kwa sababu mimi, kwa kutaka kumpendeza Ayi, nilikuwa namwagilia ukoka kila siku. Yeye alinyanyua mnyoo mmoja, akauelekeza kwenye njia ya fuko, akafanya mdomo wa kutafuna. Kisha akachukua kiazi kutoka mkononi mwa Ayi, akatikisa kichwa. Bu chi, alisema. Hali.

Fuko wa huku hali mizizi. Anakula minyoo na funza. Nilikuwa nimesafiri na neno kutoka nyumbani, nikalivika mnyama mwingine, kisha nikamkasirikia kwa kukataa chakula cha yule wa kwanza.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mwanafunzi. Niliacha kumwagilia. Kila asubuhi Yeye alinifanya nikanyage matuta yote mpaka yalale, kisha mchana tulirudi kuona ni lipi limeinuka tena. Lililoinuka ndilo fuko analolitumia. Lilikuwa moja, linalofuata ukuta. Hapo akazika kipande cha mwanzi chenye kifuniko cha ndani kinachofunguka kuelekea upande mmoja tu, akaziba mwanga wote kwa nyasi. Alikagua kila baada ya saa chache, kwa sababu, kwa jinsi nilivyoelewa, fuko asipokula kwa muda mfupi tu hufa, na Yeye hakutaka hilo.

Siku ya pili ya mtego alikuwemo. Nilimwita mtu wa Njombe aje amwone. Alikuwa mdogo kuliko kiganja, manyoya laini kama mahameli, macho hayaonekani, pua ya waridi, na mikono mipana iliyogeuka nje kama ya mtu anayeogelea. Mtu wa Njombe aliinama juu ya ndoo muda mrefu.

"Meno yako wapi?" aliuliza.

"Hana kama ya fuko wa kwetu."

"Basi huyu siye." Alinyanyuka akiwa amekwazika kwelikweli. "Mji huu bwana. Hata fuko wana kopi."

Yeye aliondoka na ndoo kwa basi. Alikompeleka hakusema, na nakiri kwamba kwa siku kadhaa nilikitazama kila kilima cha bustani za jirani kwa jicho la upelelezi.

Ayi alikuja Jumamosi ya wiki iliyofuata na mkataba. Kabla ya kukaa alivua viatu, kwenye baridi ile, akatembea juu ya ukoka kutoka ukuta hadi ukuta, akisikiliza kwa nyayo. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono imefumbatwa, uso haujasema ndiyo wala hapana. Sehemu moja Ayi alisimama, akakanyaga tena. Akaendelea. Aliporudi alikaa, akatoa kalamu, akaongeza mstari mmoja kwa mkono chini ya mkataba, akatia saini, akanisogezea.

Nilisita. Mtu anayekuongezea mstari kwa mwandiko usioweza kuusoma anastahili kushukiwa. Nilipiga picha, simu ikatafsiri, na mke wangu akasoma kwa sauti juu ya bega langu: mpangaji atakanyaga nyasi yote kwa miguu yake mwenyewe kila asubuhi ya majira ya baridi.

Nilitia saini. Ayi akavaa viatu vyake.

"Kwa hiyo mimi nimepangishiwa," mke wangu alisema, akichukua kalamu atie yake. "Wewe umeajiriwa."