Wimbi Lako Usimpishe Mtu

Ipo siku moja, mwanangu, kila kusi likianza kuvuma inanirudia, na usingizi hunipaa. Usinicheke. Mvi sina, na shikamoo bado nnazitoa nyingi kuliko ninazopokea. Lakini jana nilikaa mchangani pale Rasini nakutazama, na mpaka leo nina hasira. Basi leo nasaha za wazee utazipata kwangu mimi mama yako.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, natafuta kazi. Pale Rasini, kwetu kusini, wimbi linalovunjika kwenye ncha ya mwamba linajulikana mpaka ng'ambo. Msimu ukifika watu hujazana majini juu ya mbao zao za kutelezea mawimbini kama kunguru jalalani. Sheria ni moja: wimbi moja, mtu mmoja, nalo ni la yule aliye karibu zaidi na pale linapoanza kuvunjika. Siku hiyo mwenye mbao za kukodisha alisimama ufukweni kuchagua mtu wa kuwafundisha wageni. Kazi ile niliitaka kuliko kula.

Nikaingia, mtandio nimeukaza kichwani. Nikawasalimu wote, nikafika mahali pangu, nikangoja. Likaja langu. Binamu yangu Haji huyo, anapiga maji kwa mikono miwili.

"Nipishe, mdogo wangu, wewe bado mtoto!"

Nikampisha. Lililofuata akalitaka rafiki yake, nikampisha. Jingine akalichukua mgeni ambaye hata salamu hakunipa. Nikajiambia subira huvuta heri. Mwanangu, subira ile haikuvuta hata mwani. Nilitoka sijasimama juu ya ubao hata mara moja.

Maji yalikuwa yanaanza kujaa, na wanawake wa pweza wanarudi kutoka mwambani. Jirani yetu Bi Kazija akanikuta nalia.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Kafa nani?"

Nikamweleza. Nikamwambia niliwastahi, ni wakubwa zangu.

"Uliwastahi au uliwaogopa?" Akatua ndoo yake. "Leo Bi Mize kanikuta nimesimama juu ya shimo la pweza. Mkubwa wangu yule, nikampa shikamoo yake kamili. Akataka kutia chuma chake. Nikamwambia, dada, hili nimelifikia mie. Akapita, na usiku tutakula pamoja. Salamu ni ya mkubwa, shimo ni la aliyewahi. Haya, inuka. Hata huyu pweza niliyempiga hakulia hivyo."

Nikarudi majini. Likaja wimbi, na Haji huyo tena.

"Nipishe, mdogo wangu!"

"Shikamoo, Kaka Haji. Hili langu!"

"Leo kala nini huyu?" Anacheka, na huku anakuja.

Sikusogea. Nikapiga ukelele, nikamtaja yeye na mama yake. Ubao wake ulipita shibiri moja na sikio langu. Yeye akajitupa majini, mimi nikasimama. Nikateleza ukingo mzima wa mwamba mpaka maji ya magoti.

Ufukweni, mwenye mbao hayupo. Alishaondoka, na kazi ameacha neno apewe Haji, ambaye anaifanya mpaka leo. Usitafute utamu hapo. Wimbi zuri kuliko yote ya siku ile lilikuwa langu, na aliyekuwa na kazi ya kutoa hakuliona.

Sasa jana nakuona wewe, binti yangu, uko majini juu ya ubao wako, unatabasamu: "Pita, kaka. Pita, kaka." Na watu pembeni yangu wanakusifu, mtoto ana adabu. Nilitamani niingie baharini na baibui langu!

Nisikilize basi. Msalimu kila mtu. Ngoja zamu yako, na ya mwenzio usiiguse hata akiwa dhaifu, hata akiwa hakuoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini yako ikifika, sema kwa sauti kwamba ni yako, kisha piga maji. Usingoje kuruhusiwa. Heshima si utumwa. Fanya hivyo darasani, fanya hivyo kazini, na siku watu wakija kukuposa fanya hivyo hivyo. Na ufanye mapema, kwani mimi nilichelewa kwa mawimbi machache tu.

Jumamosi tunarudi Rasini. Mwenyezi Mungu akupe pumzi ndefu, akuepushe na meno ya mwamba, akupe sauti inayosikika juu ya mngurumo wa povu. Na wimbi lako likija, mwanangu, asiwe mwingine juu yake ila wewe. Amin.