Mbwa Halali wa Bwana Mifugo

Getruda Mashimba alikuwa mwanamke, tena mwenye kanga mbili kiunoni, lakini mtaa mzima wa Pasiansi ulimwita Bwana Mifugo. Cheo kilikuwa hicho tangu enzi, na walioketi kukitunga hawakufikiria kwamba siku moja kitamwangukia msichana wa Kisesa. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Binti akasomea mifugo Mpwapwa, akarudi akaanza kuwachoma sindano madume ambayo wanaume wenyewe waliyaheshimu kwa kusimama upande wa pili wa zizi. Mzee mmoja alipomwona ameng'ang'ania pembe za dume, kanga imefungwa kibwebwe, akasema, "Huyu ni bwana kweli." Jina likaganda.

Mwaka tisini na nne watumishi wa serikali wakapunguzwa kazini. Orodha ilibandikwa ukutani, na jina lake lilikuwa la kumi na saba. Getruda alilia siku tatu. Siku ya nne akachoka kulia, akapanga kibanda karibu na barabara, akaanza kuuza dawa za kupe na za minyoo. Ulikuwa wakati wa ruksa: ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kufilisika. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimeota ufukweni, fedha zikawa zinatembea mjini, na wezi nao wakawa wanazifuata. Kila aliyenunua televisheni alitaka mbwa wa kuilinda. Wote walitaka mbwa wa polisi, wale wa Kijerumani wenye masikio kama pembe, na Getruda aliwachanja kwa zamu.

Yeye mwenyewe alipata mbwa ambaye hakuwa amemtafuta. Mwanzoni mwa tisini na tano Antoni, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Zaire, alimletea jike jekundu mwenye kifua cheupe, mkia umejiviringa juu ya mgongo na paji la uso lenye mikunjo. Nyumba ya wageni ilikuwa imemkatalia mbwa.

"Mama, nitunzie huyu. Anaitwa Kengele," Antoni alisema. "Ana miaka mitano na hana kelele hata kidogo."

"Mbwa asiye na kelele wa kazi gani?"

Antoni akacheka, akavuta kigoda. Alitoka upande wa msitu wa Ituri, na huko, alisema, mbwa hawa ni wa watu wa msituni tangu mababu. Hawabweki. Ndiyo maana mwindaji huwafunga kengele ya mti shingoni na kuijaza majani. Wakifika penye wanyama majani yanatolewa, kengele inalia, na paa wanakimbilia kwenye nyavu. Zamani Wazungu waliwachukua kwa meli kwenda kuwaonyesha kwao, wakawafia wote kwa homa ya mbwa. Wakarudi kuchukua wengine. Wanapandwa mara moja tu kwa mwaka, wanajiramba kama paka, na maji hawayataki hata ya mvua. "Na ana kiburi," aliongeza. "Ukimwita, anafikiria kwanza."

Antoni alipita tena mara moja tu, akamkuta Kengele amelala kwenye kiti cha mwenye nyumba, akasema basi, abaki.

Kiburi kilikuwepo, na wizi pia. Kengele alipanda mpera kama tumbili, akashukia uani kwa jirani, akarudi na sangara wa kukaanga. Akigombezwa alikunja paji la uso kama karani anayesubiri maelezo. Akifurahi, badala ya kubweka, alitoa sauti ndefu ya kupanda na kushuka, kama kigelegele kilichokwama kooni. Mara ya kwanza kuisikia, Getruda aliangusha mwiko kwenye ugali. Baada ya wiki tatu alikuwa hawezi kulala bila kumsikia akipumua chini ya kitanda. Alimpenda mbwa yule, na hakuona haya kusema.

Jirani mwenye sangara alikuwa Mzee Chenge, mstaafu wa kiwanda cha kuchambulia pamba. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga, na mwoga akiwa na muda mwingi huwa mpelelezi.

Mwezi wa saba ikatoka amri ya kata: mbwa wote wachanjwe na kuandikishwa, asiyeandikishwa atapigwa risasi. Getruda alikuwa wa kwanza. Alimchanja Kengele kwa mkono wake, akakata kibali, kisha akachukua rangi akaandika kwenye geti kwa herufi kubwa ili mpiga risasi asije akakosea: MBWA HALALI.

Asubuhi yake Mzee Chenge akasimama mbele ya geti, akasoma, akarudia kusoma. Mke wa fundi baiskeli alikuwa anapita na ndoo.

"Mama, umeona? Hata mwenyewe ameandika. Mbwa halali!"

"Halali usiku?"

"Halali kabisa! Mimi nilisema. Habweki, halali usingizi, na maji anayaogopa. Hiyo ni habali gani kama siyo kichaa cha mbwa?"

Kwa vile maneno yenyewe yalikuwa yameandikwa kwa rangi nyekundu, nani angebisha? Kufikia saa sita mtaa wote ulijua kwamba Bwana Mifugo ana mbwa asiyelala. Wengine walisema ni kichaa, wengine wakasema ni zaidi ya kichaa. Getruda alipoelezwa dukani, alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona kwamba mteja aliyekuwa akimweleza hacheki, na tena ameweka chupa ya dawa mezani bila kuinunua. Hapo akaacha kucheka. Nani atanunua chanjo kwa mtu ambaye mbwa wake mwenyewe ana kichaa?

Jioni alipofika nyumbani akakuta Mzee Chenge ameamua kufanya uchunguzi. Mzee alikuwa amesikia kwamba mbwa wa kichaa hujulikana kwa maji, basi alichukua beseni zima, akamwagia Kengele aliyekuwa anaota jua kwenye ngazi. Kengele akaruka, akatoa ile sauti yake, na katika kukimbia akamng'ata mzee kwenye muundi. Lilikuwa jeraha dogo, meno mawili tu, lakini damu ilitoka.

Getruda hakubishana. Alimkalisha mzee kwenye kigoda, akamwosha mguu kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa robo saa nzima, akampeleka zahanati akachomwe sindano ya kwanza. Njiani mzee alikuwa anaaga dunia. Alisema ng'ombe wake wawili wagawanywe kwa haki.

Kesho yake akaja Ngosha, ofisa mifugo kijana aliyekuwa amefundishwa kazi na Getruda mwenyewe, na sasa amekalia kiti chake. Aliongozana na Shimba, mpiga risasi wa mbwa, na nyuma yao nusu ya mtaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sheria unaijua?"

"Naijua. Mbwa aliyeng'ata anafungiwa siku kumi, anaangaliwa. Lakini mama, watu wanasema umemchanja wewe, kibali ulikiomba wewe, na sasa utamwangalia wewe. Kesi ya nyani, hakimu nyani."

"Basi njoo uangalie wewe. Geti hili hapa."

Ngosha akawageukia watu, akaeleza: mbwa akiwa na kichaa, siku kumi hazipiti bila kuugua na kufa. Akibaki mzima, Mzee Chenge amepona na sindano zinasimama. "Lakini akionyesha kuumwa ndani ya siku kumi," alisema, na sasa alikuwa anamwangalia Getruda, "anapigwa, na kichwa kinapelekwa kupimwa. Na mwenye mbwa ana wajibu wa kutoa taarifa."

"Nilikufundisha mimi hayo," Getruda alisema.

Tangu hapo Mzee Chenge akawa na shida ya aina yake. Jana alitaka mbwa afe. Leo, kila alipofikiria sindano zilizobaki, alitaka aishi kuliko hata alivyotaka mwenye mbwa. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ukutani, akisalimia kwa kilugha.

"Mwangaluka, Bwana Mifugo! Amekula?"

"Amekula, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Amekula vizuri au amelambalamba tu?"

Siku ya tatu alileta dagaa. Siku ya tano alileta kipande cha sangara, akakirusha juu ya ukuta huku akigeuzia uso pembeni, asionekane.

Siku ya saba Kengele alianza kunywa maji kupita kiasi. Alimaliza sufuria, akaomba nyingine, akaimaliza. Alikojoa mpera, akakojoa ngazi, akakojoa mlango. Chakula alikigusa kidogo tu, na mbavu zikaanza kuonekana. Getruda alikaa chini mlangoni akamshika kichwa. Alijua kwamba kichaa hakiendi hivyo. Lakini alijua pia kwamba mbwa anayeumwa ni mbwa anayeumwa, na taarifa ni taarifa. Zilibaki siku tatu. Angeweza kufunga mdomo, akasema mbwa yuko salama, na hakuna ambaye angejua. Kengele angeishi. Alikaa pale mpaka maharage yakaungua jikoni.

Miaka ishirini na miwili alikuwa amewaambia wafugaji: usifiche ugonjwa. Alimwambia baba yake mwenyewe hivyo, na ng'ombe wanane wa baba yake wakachinjwa. Akainuka, akafunga kanga, akaenda ofisini kwa Ngosha. "Mbwa wangu anaumwa," alisema.

Walirudi pamoja, Ngosha, Shimba na bunduki yake. Mzee Chenge alipowaona akafungua geti mwenyewe, akaingia nao, na hapo akasikia kwamba Kengele anaumwa. Akakaa kwenye ngazi kwa kishindo.

Getruda akaweka sufuria ya maji chini. Kengele akaja akinyong'onyea, akanywa mpaka chini ya sufuria, akaenda mperani akachuchumaa.

"Maji haogopi," Ngosha alisema polepole. "Taya halijalegea. Lakini mama, anaumwa. Nitaandika nini?"

Shimba akashusha bunduki begani, akasubiri kuambiwa.

"Subilini," Mzee Chenge akasema. Alikuwa ameinama chini ya mpera, mikono magotini. "Subilini kwanza. Hawa ni nini hawa?"

Walikuwa sisimizi, mstari mnene kutoka ukutani mpaka mahali alipokojoa mbwa asubuhi, na mwingine kutoka huko mpaka kwenye ngazi.

"Mimi ugonjwa wangu ulijulikana hivihivi," mzee alisema. "Mwaka themanini na tisa. Nilikuwa nakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, na sisimizi wakahamia chooni kwangu. Daktari akasema, mzee, una sukali." Akanyooka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hakuyafuta. "Ngosha, huyu ana ugonjwa wangu. Kama mnapiga wenye sukali, anzeni na mimi."

Shimba, ambaye katika kazi ile hajawahi kuambiwa neno kama hilo, aliondoa risasi akaitia mfukoni.

Mzee alikwenda mbio kwake, akaja na kichupa cha vile vikaratasi vya kupimia mkojo alivyopewa zahanati. Getruda akachovya kimoja. Kikageuka rangi kikawa cheusi karibu kama udongo wa mbuga: sukari tele. Ngosha akaandika: "Anaumwa figo au kisukari. Aendelee kuangaliwa mpaka siku ya kumi." Akapiga sahihi, akamwomba Getruda radhi kwa sauti ya chini, na Getruda akamwambia asiombe radhi kwa kufanya kazi.

Siku ya kumi ikafika na Kengele yuko hai, amekonda lakini anaiba. Getruda alimwandikia barua mwalimu wake wa zamani, na jibu lilikuja baada ya wiki tatu: mbwa wa ukoo ule hupata ugonjwa wa figo ambao humwaga sukari kwenye mkojo ilhali damuni sukari iko sawa. Siyo kisukari cha binadamu. Apewe maji bila kunyimwa, na bikaboneti kwenye chakula kwa kipimo alichokiandika. Getruda alimsomea Mzee Chenge barua yote.

"Figo, damu, mimi sijui," mzee alisema. "Sukali ni sukali."

Geti nalo likapakwa upya. Sasa liliandikwa MBWA ANA KIBALI, na wateja wakarudi dukani, wengi wao wakitaka kwanza waambiwe habari za sisimizi.

Ikabaki shida moja. Vikaratasi viliisha, na duka la Getruda halikuwa navyo. Mzee Chenge akasema aachiwe yeye, zahanati wanamfahamu. Akatoka asubuhi na kofia yake, akarudi mchana na bahasha mbili za kaki. Moja akaitia mfukoni, nyingine akampa Getruda.

"Nesi ni mama mwenye huluma sana," alisema. "Alinipa pole karibu kulia. Akaniuliza anaendeleaje, nikamwambia ameshapata nafuu, ila bado anakojoa popote."

Getruda akageuza bahasha. Nesi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko mzuri wa shule: *Kengele Chenge. Miaka 5. Mtoto.*

"Aliuliza jina la baba," mzee akasema, akiangalia pembeni. "Ningesema nini?"