Kwenda Vällingby Kumtoa Festo Ndani

Nilikwenda Sweden kwa sababu mama alichoka kuongea na mtu aliyekaa kwenye kochi. Kila alipompigia simu mdogo wangu Festo, swali lilikuwa moja na jibu moja. "Uko wapi, mwanangu?" "Nipo hapa sebuleni, mama." Wiki hii sebuleni, wiki ijayo sebuleni.

Festo ni fundi mitambo. Alikwenda huko kijana kusoma, akaoa, akabaki, akazoea nchi yao mpaka akapenda mchezo wao wa kutoboa tundu kwenye ziwa lililoganda na kuvua samaki humo. Mwanzoni mwa baridi alikuwa anateremka kwenda kuangalia kama ziwa limeshika barafu, akateleza, akavunjika nyonga ya kulia. Walimpasua, wakamfunga vyuma, wakasema mfupa umeunga vizuri na sasa atembee kila siku. Nyonga ikapona. Mwenyewe akagoma kutoka.

"Edina," mama akaniambia, "kutembea mara ya kwanza nilimfundisha mimi. Hii ya pili ni zamu yako."

Basi nikamwachia mwanangu duka langu la vifaa vya ujenzi pale Njombe, nikaanza kuhangaikia viza. Ya viza sitayasimulia, yatawachosheni kama yalivyonichosha. Kuhusu baridi sikuwa na hofu. Sisi Wabena wa Njombe tunaamka mwezi wa sita majani yakiwa meupe kwa sakitu, na wageni kutoka Dar tunawacheka wakivaa makoti mawili. Nilifunga sweta langu la sufu, nikajiona nimekamilika.

Uwanja wa ndege wa Arlanda ndipo niliponyamaza. Nilitoka mlangoni kwa madaha, pua ikashika moto, macho yakatoka machozi, na sweta langu likawa kama kanga. Wifi yangu Odette, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa amekuja na koti mkononi. Hakuniuliza kitu, alinivisha kama mtoto wa chekechea.

"Belle-sœur, wifi yangu, karibu! Safari ilikuwa je?"

"Safari nzuri. Festo hakuja?"

Odette akatikisa kichwa. "Hatokake. Docteur alisema atembee, mi namwambia kila siku, lakini eko na woga. Mi njo nilichoka."

Pembeni yake alisimama binti yao Lina, mwanafunzi wa chuo, mrefu kuliko mimi na mama yake. "Shikamoo, shangazi," alisema polepole, kila silabi mahali pake, na niliona kabisa kwamba alikuwa amelifanyia mazoezi njiani. Baada ya hapo mama yake alimsemesha Kiswahili njia nzima, naye akajibu Kiswidi njia nzima, na hakuna kati yao aliyeona ajabu.

Kutoka Arlanda tulipanda treni hadi katikati ya mji, kisha ile ya chini ya ardhi, njia ya kijani, mpaka Vällingby. Treni ilipotoka juu ya ardhi niliona mtaa baada ya mtaa, theluji juu ya mapaa, na watoto wadogo wamelala matumbo kwenye vibao vya plastiki wakiteremka vilima huku wakipiga kelele. Hata vikongwe walikuwa nje. Bibi mmoja, umri wa mama yangu kabisa, alikuwa anatembea na fimbo mbili kama anayekwenda vitani. Nikaona aibu kwa niaba ya Festo.

Nyumbani nilivua viatu mlangoni kama kila mtu, nikaenda moja kwa moja sebuleni. Festo alikuwa pale pale tulipokuwa tunamsikia. Alinyanyuka kwa magongo, tukakumbatiana, akarudi kukaa. Alikuwa amenenepa, na uso wake umekuwa wa majivu. Nilitamani kulia, nikajizuia.

"Mama anasema utoke nje," nikamwambia hata kabla ya chai.

"Dada, mwenda pole hajikwai."

"Wewe huendi kabisa, hiyo pole unaitoa wapi?"

Odette akacheka jikoni. Festo hakucheka.

Siku zilizofuata niliyajua maisha ya jengo lile. Nguo hufuliwa kwenye chumba cha wote kule chini, na zamu yako ikiisha hata kwa muda mfupi, jirani anasimama mlangoni na kikapu chake, anatabasamu, hasemi neno, na tabasamu hilo linakutoa mbio. Takataka zina masanduku yake: la karatasi, la chupa, la makopo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Niliposhuka kutupa chupa nilichungulia chumba cha baiskeli, na kwenye kona, nyuma ya matairi, nikaona kiti cha mbao kilichofungwa juu ya vyuma viwili virefu vyembamba.

"Hii inaitwa spark," Odette alinieleza. "Lina akiwa mutoto nilikuwa namupelekaka ku shule nayo. Mumoja anakaa, mwingine anasimama nyuma, anasukuma na muguu, inateleza. Lakini ilisha kufa."

Haikuwa imekufa. Mbao mbili za kiti zilikuwa zimepasuka, bolti moja imeliwa na kutu, na mpini umelegea. Nimeuza bolti miaka yangu yote, siwezi kuona kitu kinatupwa kwa sababu ya bolti moja. Nikaipandisha jikoni kwa lifti, nikatandaza magazeti sakafuni, nikaomba spana.

Festo alinitazama kutoka kwenye kochi, mlango ukiwa wazi. Kwanza kwa dharau, kisha kwa kuudhika.

"Dada, hiyo nati ni ndogo."

"Inatosha."

"Haitoshi. Na tanguliza washa, ile pete ya chuma."

"Njoo uonyeshe."

Hakuja. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika, na mimi na Odette tukatazamana. Tulibadilisha mbao, tukanunua bolti mpya kwenye maduka ya Vällingby, na mpini nikaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli niliyoiokota kule chini, nikaivuta na kuizungusha kama tunavyofunga mpini wa jembe kwetu. Festo alipouona aliomba asogezewe. Akaujaribu kwa mikono miwili. "Huu hautoki," akasema.

"Kesho kutwa tunakwenda ziwani," nikamwambia.

"Siwezi kutembea kule, dada. Pale kwenye mteremko ndipo nilipoanguka."

"Nani kakwambia utembee? Hiki ni kiti. Kukaa unaweza, tena kuliko watu wote ninaowafahamu. Nakuomba ukae tu."

Aliutikisa tena ule mpini. Kisha akamwambia Lina amtafutie suruali yake nene.

Kesho yake asubuhi, kabla hawajaamka, niliingiwa na wasiwasi. Nilikwenda peke yangu kuutazama huo mteremko. Unaanza mwisho wa msitu mdogo wa misonobari, unashuka hadi kwenye barafu, nao ulikuwa unang'aa kama sahani. Nikamwona mdogo wangu amelala pale, mwanzoni mwa baridi, akingoja mtu apite. Kwenye kona ya barabara kuna sanduku kubwa la kokoto ndogo na mchanga, ambao wenyeji huchota na kumwaga penye utelezi. Nilichukua ndoo ya Odette, nikachota, nikamwaga, nikarudi, nikamwaga. Mteremko wote niliunyunyizia kama anayelisha kuku. Nilirudi nyumbani mikono imekufa ganzi, moyo umetulia, na sikumwambia mtu. Usiku theluji nyepesi ikaanguka.

Siku ya safari yetu ya ziwani jua lilitoka. Festo aliketi kwenye kiti, blanketi mapajani, magongo yake ameyalaza juu yake. Odette alibeba chupa ya chai. Lina alitangulia na begi la ndoano na ile keekee ndefu ya kutobolea barafu. Shingoni kila mmoja wetu alivaa vijiti viwili vyenye ncha za chuma, ambavyo ukitumbukia unavichomeka kwenye barafu ujivute utoke. Nikauliza kama watu hutumbukia kweli. Odette akasema, "Ukivaa, hutumbukii," nikaona ni jibu la kutosha.

Njia ya msituni ilikuwa ya theluji iliyoshindiliwa na miguu ya watu, na chombo chetu kiliteleza juu yake kwa raha ambayo sikuitegemea. Mguu mmoja kwenye chuma, mwingine unasukuma. Watu waliotupita walisalimia. Festo alianza kwa kushika kiti kwa nguvu, baadaye akaachia mkono mmoja, akanyoosha kidole kuonyesha: pale tunachuma uyoga, pale tunachoma soseji wakati wa kiangazi. Mgongo wake ulinyooka. Nilifurahi mpaka nikaanza kuimba.

Tulipofika juu ya mteremko, Lina alikuwa katikati yake. Aliinama, akatazama miguu yake, kisha akageuka na kutupungia mikono yote miwili.

"Faster!" akapiga kelele. "Faster! Faster!"

Jamani, Kiingereza hicho si nilikisoma sekondari? Faster ni ongeza mwendo. Nikajua mtoto amefurahi, anataka tushuke kwa kishindo. Nikasukuma kwa mguu wangu wote wa Kibena.

"Dada, hapana!" Festo akalia. Na hapo vyuma vikaingia kwenye mchanga wangu.

Chombo kilisimama ghafla kama kimeshikwa mkono. Sisi hatukusimama. Festo aliruka kutoka kwenye kiti akaangukia kwenye theluji ya pembeni, na mimi nikapita juu ya mpini nikaanguka karibu yake, uso chini. Magongo yalishuka yenyewe mpaka kwenye barafu.

Nilifikiri: nimemuua mtoto wa mama. Pahali pale pale. Nikatambaa kwenda kwake nikilia wazi, bila haya. Odette alikuwa anakuja mbio akiita "Mungu wangu, Mungu wangu." Festo alikuwa amelala chali, theluji mpaka kwenye kope.

"Nani kamwaga mchanga hapa?" akauliza.

"Mimi."

"Wewe?"

"Ili usianguke."

Alinitazama. Kisha kifua chake kikaanza kutikisika, na mimi nikadhani ni maumivu, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa. Lina naye alikuwa amefika, anahema, anasema Kiswidi mfululizo, na mimi nikamgombeza: "Si wewe uliyesema faster?"

Festo akazidi kucheka. "Dada, *faster* ni Kiswidi. Ni dada wa baba. Mtoto alikuwa anakuita. Shangazi! Shangazi! Alitaka tusimame, ameona mchanga."

Aliogopa, na kile Kiswahili chake cha mazoezi kikamkimbia, likabaki neno lake la moyoni. Alikuwa ananiita, nami nikamwongezea mwendo baba yake.

Nikafuta machozi, nikampa Festo mkono nimwinue. "Niache," akasema. Odette akapeleka wake. "Niacheni wote."

Aligeuka taratibu akapiga goti, akashika mpini nilioufunga kwa tyubu, akajivuta. Mpini haukutoka. Akasimama. Magongo yalikuwa chini kule kwenye barafu, mbali, na hakuna kati yetu aliyekwenda kuyafuata. Sijui kwa nini, hatukupanga. Festo alitazama mteremko uliomvunja, akatazama kokoto zilizotokeza kwenye theluji.

"Basi mchanga wako tuutumie," akasema. Akatanguliza mguu wa kushoto. Kokoto zikalia chini ya kiatu, kiatu hakikuteleza. Akaleta wa kulia. Tulishuka hivyo, yeye akisukuma kiti kitupu mbele yake kama mama na kigari cha mtoto, sisi watatu nyuma, tumeshikana mikono kwa hofu.

Ziwani alitoboa tundu yeye mwenyewe. Kulikuwa na watu wanaoteleza kwa viatu vya vyuma, wazee waliokaa kwenye vigoda wakitazama matundu yao, na harufu ya kahawa. Festo alinasa samaki mmoja tu, mwenye mistari ubavuni na mapezi mekundu, mdogo kiasi cha kutia huruma. Tulimkaanga jioni tukamgawana watu wanne.

Tangu hapo alitoka kila siku. Siku nyingine kwa kunung'unika, siku nyingine kwa kufukuzwa na Odette na mimi tukiwa tumesimama mlangoni kama majirani wa chumba cha kufulia. Kwanza na magongo mawili, kisha moja.

Siku ya kurudi walinisindikiza Arlanda. Tuliagana, nikajiunga na foleni ya ukaguzi, nikawa najikaza nisigeuke. Nikasikia nyuma yangu, "Faster!"

Safari hii sikuongeza mwendo. Niligeuka. Lina alikuwa ananionyesha baba yake, aliyekuwa anakuja kwangu na sweta langu la Njombe nililolisahau kwenye kiti tulipokuwa tumekaa. Alikuwa anachechemea kidogo. Mikononi hakuwa na kitu kingine zaidi ya lile sweta.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya viazi. Hakuniuliza habari za ndege wala za theluji.

"Alikusindikiza?"

"Alinisindikiza."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, mama." Nikamsimulia yote, mchanga na faster na kuanguka kwetu. Wengine pale nyumbani walicheka, yeye alingoja nimalize.

"Aliposimama, alitanguliza mguu upi?"

"Wa kushoto."

Mama akaweka kisu chini. "Huo huo," akasema, akajifuta macho kwa kanga. "Huo huo alioanza nao."