Dada Yangu, Fundi wa Makabati Yasiyoshikika

Mimi ni seremala. Kwangu, kabati ni kitu unachoweza kukigonga kwa kidole. Dada yangu, anayetunza seva, zile kompyuta kubwa za hospitali, kwenye kile chumba cha baridi nyuma ya maabara, alinivuruga kabisa siku aliponieleza kazi yake.

"Kila idara ina kompyuta yake, ila huioni," alisema. "Ni kompyuta pepe. Zote zinaishi ndani ya hizi mashine chache."

"Na vitu vyao wanaweka wapi?"

"Kila moja inadhani ina diski yake peke yake. Kumbe hiyo diski ni faili tu, limelala ghala moja na ya wenzake. Ikiandika kitu, programu msimamizi iliyo chini yake inakipokea na kukipeleka panapostahili. Yenyewe haina habari."

Akaongeza kwamba kompyuta huambiwa ina nafasi tele, lakini hupewa kidogo kidogo kadiri inavyojaza. Mimi nikimuuzia mteja kabati la rafu sita huku nimeweka mbili, nitalala kituo cha polisi. Tangu siku hiyo nikawa namwita fundi wa hewa.

Kisha mama yetu akapatikana na uvimbe kichwani, karibu na mahali yanapotoka maneno. Daktari alituonya kwamba huenda asiongee tena. Siku ya upasuaji, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mama alikuwa akinigombeza kama kawaida kuhusu kabati la jikoni nililomwahidi.

"Na ole wako uniletee kabati lisilo na..."

Sindano ya usingizi ikamchukua hapo hapo. Wakamsukuma ndani.

Hatujakaa vizuri, simu ya dada ikalia. Picha za kichwa cha mama zilikuwa zimeganda kwenye skrini, na daktari hawezi kukata bila kuziona. Dada alitimua mbio, nami nyuma yake, maana kukaa nisingeweza.

Alipotazama mashine zake alishika kichwa. "Ni mimi," alisema.

Kabla ya kusasisha programu ya picha, alikuwa ameihifadhi diski ya kompyuta ya picha kama ilivyo, ili mambo yakiharibika airudie. Tangu hapo kila kipya kiliingia faili la pembeni. Kazi ikiisha, faili hilo huunganishwa na diski. Lakini ugonjwa wa mama ulimsahaulisha. Faili likanenepa hadi likajaza ghala zima, na kompyuta pepe zikasimama.

"Si ulifute!" nilifoka.

"Picha za mama zimo humo humo."

Alivuta kibodi. Akafungua pembe moja ya ghala. Kulikuwa na faili kubwa lisilo na chochote ndani, alilolitenga tangu alipoanza kazi ili lishike nafasi tu. Wenzake humtania kwamba analinda pengo. Akalifuta, ghala likapumua, akaziamuru kompyuta ziendelee.

Kichwa cha mama kikatokea kwenye skrini, kipande baada ya kipande, cheupe juu ya weusi, na hakuna hata doa lililopotea. Nimejenga vitu vingi maishani, lakini sijawahi kuona kitu cha namna ile, na nilijikuta nanong'ona kama mtu aliye kwenye ibada.

"Hiyo kompyuta haijui kama ilisimama?"

"Kwake hakuna kilichotokea. Ilikuwa katikati ya kuandika, imemalizia." Kisha akakaa sakafuni akalia.

Upasuaji ukaendelea, na jioni mama alifumbua macho. Tuliinama juu yake, tukiogopa hata kuvuta pumzi. Midomo yake ilicheza bila sauti. Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Komeo," alisema. "Lisilo na komeo. Panya wataingia."

Dada alinishika mkono akaubana hadi ukauma. Mama akatutazama kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, amekereka.

"Mbona mnalia? Hata sijaingizwa ndani."