Viatu vya Kuombea Msamaha

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, afisa ustawi wa jamii wa hospitali alivitazama viatu vyangu kabla hajamtazama binti yangu. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Tangu mama yake afariki alikuwa hasemi, halali, na alijing'ata mikono. Daktari wa akili alikuwa amemwandikia dawa, nami nilikuja kuomba msamaha wa gharama, ambao serikali inasema ni haki ya asiyeweza kulipa.

"Mzee, kiatu kinang'aa hivyo, halafu unaomba msamaha?"

"Kwetu Ujiji mtu haendi hospitali na uchafu."

"Basi huo usafi ukulipie."

Tuliondoka bila dawa. Jirani yangu, muuza dagaa, nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. "Ndugu yangu, ulikwenda kuposa? Chukua shati langu la mwaloni, la kupakulia dagaa."

Kesho yake nilivaa shati hilo linalonuka samaki, na ndala zisizofanana. Afisa yule yule aliziba pua, akagonga muhuri bila kuuliza neno. Hakunitambua. Nilimchukia zaidi kuliko jana yake, kwa sababu safari hii alikuwa mpole.

Kwenye dirisha la dawa nilirudishiwa karatasi. "Hii hatuna, baba. Kanunue kwenye maduka ya dawa, kule sokoni Mwanga." Muhuri wa serikali ulikuwa umenisamehe bei ya dawa isiyokuwepo.

Viatu vile niliviuza sokoni Mwanga, nikanunua dawa ya mwezi mmoja kwa shilingi elfu ishirini na nane.