Mashine Yangu na Dhahabu ya Ogutu

Mimi ni Mwita wa Migori. Shule niliiacha darasa la pili, na sioni haya kusema. Nilichonacho nimekipata kwa mikono yangu: mashine ya kusaga unga, halafu ya pili, halafu duka la vyuma, halafu pikapu. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na nani. Kama unataka maneno ya kupambwa, tafuta mwalimu.

Safari hii niliifanya miaka ya tisini, baada ya kumwachia mwanangu Chacha duka. Miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi kwa kukaa, na daktari akaniambia nitembee. Nitembee niende wapi? Mtu mzima hazururi kama mbuzi aliyekata kamba. Siku hizo Mzungu mmoja aliyekuwa akipima mawe upande wetu alikuwa anafunga kambi arudi kwao, na akatandaza vitu vyake viuzwe. Wenzangu waligombania vitanda. Mimi nikachukua mashine ya kutafutia chuma ardhini: mti mrefu wenye sahani chini, mshale juu, na waya wa kuvaa masikioni. Unapitisha sahani juu ya udongo. Kukiwa na chuma, inalia. Mshale ukilala kushoto ni chuma cha kawaida. Ukilala kulia ni shaba, fedha au dhahabu. Mzungu alinifundisha kwa mchana mmoja, na nikashika.

Nilianzia uwanja wa mpira wa pale mjini. Nikapata vifuniko vya soda, misumari, kijiko, na vifuniko vya soda tena. Mke wangu alikuja kuniangalia, mikono kiunoni.

"Baba Chacha, umeacha duka ukawa kuku?"

"Kuku gani?"

"Si unaparua tu. Jioni nikuwekee mahindi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini nilikuwa nimeshanogewa. Kile kilio masikioni, mama yangu! Moyo unaruka hata kama unajua ni msumari. Nikaona uwanja haunitoshi. Nikaanza kuulizia mahali palipofukiwa mali. Huku kwetu mtu atakuficha njia ya kwenda kwa chifu, lakini dhahabu ilipofukiwa atakuonyesha kwa kidole: pesa za Mjerumani, rupia za Mhindi, sanduku la mkusanya kodi. Nyingi zilikuwa za kuchekesha. Moja ilinishika.

Nyatike ndiko nilikoisikia. Kuna mgodi wa zamani kule, umefungwa siku nyingi, shimo lake limejaa maji. Kando yake anaishi mzee Marwa, Mkuria mwenzangu, aliyeshuka mgodini ujana wake wote. Alinikaribisha kwa uji wa wimbi, akaniambia hivi: zamani kabla ya uhuru, kijana mmoja Mjaluo jina lake Ogutu, wa upande wa Kendu Bay, alipotea siku maji yalipoingia shimoni. Maiti haikuonekana. Lakini kwao walifanya matanga, wakachimba kaburi, wakafukia kitu kilichofungwa kwa koti.

"Sasa niambie, Mwita," akasema, "kaburi bila maiti, ndani kuna nini?"

"Kuna nini?"

"Mali! Alitoroka na dhahabu, akawapelekea watu wake wafiche. Yeye akavuka akaenda zake Tanganyika."

Kwa Mkuria hilo lilinyooka kama reli. Sisi hatuziki hewa. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani kununua betri.

Nikashika njia ya Kendu Bay na pikapu yangu. Uriri nilisimama kunywa chai, na kwa kuwashwa mikono nikaijaribu mashine kando ya soko. Kosa kubwa. Kufumba na kufumbua nilikuwa nimezungukwa na akina mama.

"Mzee, wewe ni serveya? Nani amekutuma kupima shamba letu?"

"Mama, natafuta vyuma tu."

"Vyuma! Wa mwaka jana alisema anatafuta maji. Sasa jirani yangu ana kigingi katikati ya viazi."

Nikaifungia mashine ndani ya gunia, na tangu hapo sikuitoa tena bila ruhusa ya mwenye ardhi. Asumbi nilipita bila kusimama.

Homa Bay nilifika alasiri, ziwa likiwa limetulia kama mafuta ndani ya sufuria. Nilifikia kwa Salim, mfanyabiashara wa mabati tunayeagiziana vyuma, mtu wa Pwani aliyeoa huku. Alinilaza, akanilisha samaki. Nilipomwambia safari yangu akaacha kula.

"Boma la Ogutu nalijua. Kijana wao Ouma hununua majembe kwangu. Majembe tu, mzee wangu, na hana shamba la kumaliza jembe."

"Anachimba nini?"

"Si hicho hicho unachokifuata. Nenda taratibu. Kuna mama pale, na mama yule hana raha."

Kesho yake asubuhi nikafika. Boma liko juu kidogo ya barabara ya Kendu Bay, mahali pazuri, lakini lilikuwa limetobolewa mashimo kila upande kama limeingiliwa na fuko. Mwanamke wa rika langu alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Majirani humwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, maana ndiko alikozaliwa.

"Karibu, jaduong', mzee wangu. Na wewe umekuja na jembe?"

"Nimekuja na mashine, mama. Jembe sina." Nikamwambia yote, hata maneno ya Marwa. Mimi siwezi kuzunguka. Alisikiliza bila kuacha maharagwe.

"Hadithi hiyo imefika mpaka Migori," akasema. "Basi ipitishe mashine yako kila mahali. Ikinyamaza, huyu mtoto ataniacha nilale. Alifutwa kazi Nairobi, akarudi na hiyo hadithi kichwani. Jana amechimba mpaka ukuta wa jikoni."

Ouma alitoka nyuma ya nyumba, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, tope mpaka magotini. Alipoiona mashine macho yalimwaka. Tulianza pamoja, mimi na sahani, yeye na jembe. Langoni tukapata mnyororo wa baiskeli. Kwenye zizi, ulimi wa jembe la kukokotwa na ng'ombe. Jikoni, kifuniko cha sufuria ambacho mama alikipokea kwa furaha, akasema alikuwa amemsingizia jirani. Tulicheka wote watatu, na nikadhani siku itaisha vizuri.

Kisha nikapita upande wa kulia wa nyumba, mahali palipokuwa na nyasi tupu na mawe machache. Mashine ikalia. Mshale ukaruka kulia, ukakaa huko huko.

Ouma akainua jembe.

"Weka chini!" mama akasema. Sauti ile ilinifanya hata mimi nitake kuweka kitu chini. "Hapo ndipo alipo baba yako."

"Hayupo hapo, mama. Kila mtu anajua hapo hakuna mtu. Mzee, mashine inasema nini?"

Nikamjibu kwa haki. "Inasema si chuma cha kawaida. Yaweza kuwa dhahabu. Yaweza kuwa shaba. Mimi bomba la maji la shaba limenidanganya mara nyingi."

"Ni taa yake," mama akasema. "Taa ya mgodini, ya shaba. Waliniletea taa, hawakuniletea mtu." Akanigeukia mimi, maana alijua mwanawe anajua. "Kwetu, mtu akifia mahali ambapo mwili haupatikani, hatumwachi nje. Tunachukua tunda la yago, lile refu linaloning'inia kwa kamba yake mtini, tunalilaza kaburini mahali pake, tunalilia kama mtu. Tulilifunga kwa koti lake. Taa tukaweka kando. Hiyo ndiyo mali unayoisikia Migori."

Nilisimama pale na sahani yangu mkononi. Kumbe nilikuwa nimesafiri mpaka kwenye msiba wa watu kutafuta burudani.

Lakini Ouma hakuwa amemaliza. "Yago halilii kwenye mashine. Taa au dhahabu, tutajua tukichimba."

Mama akaweka ungo wa maharagwe chini, akasimama.

"Chimba. Ukipata dhahabu, basi Ogutu alitoroka akiwa hai. Na kama alikuwa hai, mimi niliingizwa nyumba ya ndugu yake nikiwa mke wa mtu, na wewe ulizaliwa humo. Chimba, Ouma. Ukimaliza nitakuambia wewe ni mtoto wa nani."

Niwafafanulie wasomaji ambao mila hii si yao. Ogutu alipohesabiwa kuwa amekufa, ndugu yake alimrithi mjane, na mtoto aliyezaliwa akaitwa kwa jina la marehemu: Ouma wa Ogutu. Boma ni lake kwa jina hilo. Heshima ya mama imekaa juu ya kaburi lile. Likiwa la uongo, mama ni mwanamke wa aibu, na Ouma hana baba wala ardhi. Alikuwa anataka kujichimbia mwenyewe chini ya miguu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa mdomo.

Jembe Ouma alikuwa amelishika bado, lakini si kama mtu anayetaka kuchimba. Baadaye akaniuliza, "Mzee, huyo aliyekuhadithia yuko hai?"

"Yuko, na uji wake ni mzuri."

"Nipeleke."

"Na mimi nitakwenda," mama akasema. "Miaka yote hii sijapaona."

Kurudi tulirudi watatu ndani ya pikapu, mama katikati amevaa kitambaa chake cha kanisani. Tulipopita Uriri akanionyesha kwao, nyumba tatu na miti ya kalitusi, akasema alitoka pale akiwa msichana na sufuria mbili. Ouma alitazama nje njia nzima.

Nyatike tulifika jua likiwa bado juu. Marwa alipoambiwa mama huyu ni nani alivua kofia. Mama hakuketi.

"Ulikuwepo siku ile?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona akitoka?"

Marwa akatazama shimo. "Hakutoka, mama. Alikuwa ngazi ya chini yangu. Maji yaliingia kwa ubavu. Tulivuta kamba, ikaja na taa yake imefungwa, yeye hakuja. Tulivuta tena."

"Sasa hii ya dhahabu na Tanganyika?" Ouma akauliza kwa ukali.

"Ilikuja baadaye, kwenye pombe. Tulisikia mmezika koti. Sisi hatukujua desturi yenu, kila mtu akauliza ndani kuna nini. Nilisikia, nami nikaongeza kidogo."

"Umeongeza kidogo!" mama akasema. "Mzee mzima! Sasa niongezee na hili, tena la kweli. Siku ile alisema nini mara ya mwisho?"

Marwa akakuna kichwa, nikaogopa atatunga.

"Alilalamika kiatu. Alisema kinaingiza maji, na fundi amekula pesa zake bure."

Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi yakamjia, kisha yakabaki machozi peke yake. "Ni yeye," akasema. "Haki ya Mungu ni yeye. Viatu! Alinichosha na viatu." Akasogea mpaka ukingoni, akamwita kwa jina lake, akamwambia kwa Kijaluo maneno ambayo sikuyaelewa yote. Ouma aliinama, akaokota jiwe moja pale kwenye mdomo wa shimo, akalifunga ndani ya shati lake. Hakumwuliza mtu.

Nilipita tena boma lile baada ya mvua. Mashimo yalikuwa yamefukiwa, na mengine yamepandwa mahindi. Kaburi limezungushiwa simiti vizuri, na lile jiwe limewekwa upande wa kichwa. Ouma alinitayarishia kiti mwenyewe, na mama akanipigia kelele kwamba sikuja na mke wangu.

Mashine ninayo bado, na miguu imepona. Nawatafutia watu funguo na majembe yaliyopotea shambani, na kile kilio bado kinanirusha moyo. Watu hawajaacha kuniletea hadithi za mali iliyofukiwa, na sizikatai. Ila zamani swali langu la kwanza lilikuwa ni wapi. Siku hizi nauliza kwanza: ni nani aliyefiwa hapo?